Kiti cha wadi hakina mwenyewe: barua ya wazi kwa IEBC, Msajili wa Vyama na makarani wa mabunge ya kaunti

Kwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka. Kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa. Na kwa makarani wa mabunge yote 47 ya kaunti.

Waheshimiwa,

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Siku hiyo kila mpiga kura atapewa karatasi sita, na kati ya hizo ile ya mwakilishi wadi ndiyo itakayotajwa kidogo zaidi redioni na kupiganiwa zaidi kijijini. Wadi ni 1,450. Zipo ambazo mwakilishi wake anamaliza muhula wa tatu tangu ugatuzi uanze 2013, na zipo ambazo mtu huyo huyo alikuwa diwani hata kabla ya hapo. Katiba inamwekea gavana mihula miwili. Mwakilishi wadi haijamwekea kikomo, nasi hatuandiki kuomba awekewe. Anayefanya kazi, watu wake wakimtaka mara ya nne, wampe.

Tunaoandika ni watu wa makaratasi: tunapanga mawakala, tunakusanya sahihi za wanaomuunga mkono mgombea huru, tunajumlisha fomu usiku wa matokeo, kwa wagombea wa vyama na wasio na chama. Kwa tunavyoona, aliyekalia kiti miaka mingi anabebwa na mambo mawili kuliko hata pesa. Sheria za kumzuia kutumia ofisi kujipigia kampeni zipo, lakini hazitekelezwi kwa wakati. Na karatasi ambazo zingemwonyesha mpinzani kama ameshindwa kwa haki au la, hazionekani.

Tuanze na ofisi ya wadi, kwa kuwa kampeni huanzia pale mapema kuliko mnavyofikiri.

Kila mwakilishi ana ofisi mashinani yenye wafanyakazi wanaolipwa na bunge la kaunti. Ofisi hiyo ina kompyuta na printa, lakini kilicho na thamani zaidi ni madaftari: majina ya walioomba basari, namba za simu za wazazi, vikundi vya akina mama na vya vijana vilivyoleta maombi, kijiji kwa kijiji. Mpinzani anaweza kutembea miezi sita asipate nusu ya orodha hiyo. Mwenzake anaituma kwa simu jioni moja. Taarifa hizo zilitolewa na wazazi kwa ajili ya karo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, taarifa ya mtu iliyokusanywa kwa kazi moja haichukuliwi kiholela ikatumiwa kwa kazi nyingine isiyolingana nayo, na kuomba kura hakulingani na karo kwa vyovyote.

Kuna pia kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, ambacho wengi hukisoma mpaka katikati. Mwanzo kinamwagiza mwakilishi awe karibu na wananchi wake. Mbele kidogo kinamkataza kujihusisha, moja kwa moja au kwa njia ya pembeni, na kazi za utendaji za kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Sasa nani hasa anayesimama mbele ya wazazi kugawa hundi za basari? Nani anayempigia simu dereva wa greda aingie barabara hii aiache ile? Tumezoea mpaka hatuoni kwamba ni kinyume cha sheria.

Makarani, ombi letu kwenu ni la kiofisi kabisa. Andikieni wafanyakazi wa ofisi za wadi, kila mmoja kwa jina, mkiwakumbusha kwamba mshahara wao ni wa umma na hawana ruhusa ya kupiga kampeni. Anayetaka kupiga kampeni ajiuzulu. Fanyeni hesabu ya vifaa vya kila ofisi ya wadi kabla uteuzi wa wagombea haujaanza, na muirudie baada ya uchaguzi. Rekodi za basari zikae katika idara ya kaunti inayohusika, nakala isibaki kwenye ofisi ya siasa.

Halafu kuna miradi. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa bungeni kufikia 1 Septemba, makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kutoka 1 Julai 2027 hadi siku ya kura ni siku 40 tu, na ndizo siku ambazo changarawe humwagwa. Mwananchi huona kazi mpya, wala hajui kama mradi ule ulikuwa kwenye bajeti ya miaka mitatu nyuma ukaahirishwa, au kama haumo kwenye bajeti yoyote. Chapisheni kwa kila wadi jedwali moja: jina la mradi, mahali ulipo, kiasi kilichotengwa, kiasi kilicholipwa, mkandarasi, na hatua uliyofikia, tangu 2022. Mwakilishi aliyefanya kazi atalibeba jedwali hilo mwenyewe kwenye mikutano. Asiyefanya, mpinzani wake hatahitaji matusi.

Kwa Tume sasa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 kinapiga marufuku matumizi ya rasilimali za umma katika kampeni, na hilo kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni kwamba kinaiagiza Tume kumwandikia kila mgombea ambaye tayari ni mbunge, gavana, naibu gavana au mwakilishi wadi, ikimtaka aeleze vifaa na huduma alizo nazo kwa sababu ya cheo chake. Naye ana siku 14 za kujibu. Ikiwa barua hiyo itatoka wiki mbili kabla ya kura, majibu yatafika wakati hayana faida kwa mtu. Itumeni siku ile ile mgombea anapopokea cheti cha uteuzi, na majibu muyabandike katika ofisi ya eneo bunge na kwenye tovuti yenu. Mwananchi akikuta gari la kaunti limebeba viti vya mkutano wa siasa, awe na karatasi ya kulinganisha.

Kifungu hicho hicho kinakataza serikali, ya taifa au ya kaunti, kutangaza mafanikio yake kwa magazeti, redio au mabango wakati wa kipindi cha uchaguzi. Tunaomba mtamke waziwazi kama ubao wa mradi wenye picha ya mwakilishi na maneno "umeletwa kwenu na Mheshimiwa" unahesabika. Sisi tunaona unahesabika. Kukiwa na msimamo wa maandishi kutoka kwenu, afisa wa eneo bunge hatabaki akijiuliza aung'oe au auache.

Tukumbushane pia kwamba mwalimu, muuguzi au chifu anayetaka kugombea lazima ajiuzulu miezi sita kabla ya uchaguzi, kwa hiyo mwanzoni mwa Februari 2027. Mwakilishi aliye kitini ameondolewa sharti hilo. Huyu anakaa nusu mwaka bila mshahara, yule anaendelea na mshahara, ofisi na wafanyakazi. Hiyo ni sheria, na kuibadilisha si kazi yenu. Lakini kwa kuwa tofauti ni kubwa kiasi hicho, haya machache mliyopewa ya kuipunguza yasicheleweshwe hata siku moja.

Msajili wa Vyama, kwako ni suala la uanachama. Mgombea huru, kwa mujibu wa kifungu cha 85 cha Katiba, asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Kwa 2027, maana yake awe ametoka kabla ya 10 Mei. Tatizo la kwanza ni watu wanaojikuta wamesajiliwa katika vyama ambavyo hawajawahi kuviona ofisi, na hujua pale wanapoangalia hali yao kwenye eCitizen, mara nyingi kwa kuchelewa. Tatizo la pili ni barua ya kujiuzulu: mtu anaipeleka kwenye ofisi ya chama, anaambiwa mwenye muhuri hayupo, anarudi tena, na siku zinakwenda. Wakati mwingine mwenye muhuri "hayupo" kwa makusudi, kwani chama kina mgombea wake, naye ndiye aliyekalia kiti.

Mpe mwananchi risiti ya papo hapo. Akijiondoa kwenye mfumo, mfumo umtumie ujumbe wenye tarehe na saa, na ujumbe huo ukubalike mbele ya afisa wa Tume na mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa bila mtu kudaiwa muhuri wa chama. Kura za mchujo nazo zikisogezwa mpaka mwisho wa Aprili, kisha rufaa zikachukua wiki nzima, aliyenyimwa tikiti ya haki hubakiwa na siku chache mno za kuamua. Ratiba za mchujo hupitia kwenu wakubwa. Zileteni mapema zaidi.

Tukirudi kwa Tume, kuna zile sahihi. Kifungu cha 193 cha Katiba kinamtaka mgombea huru wa wadi aungwe mkono na wapiga kura waliosajiliwa 500 wa wadi hiyo hiyo. Ada ni shilingi 5,000, nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na kwa kweli ada si kikwazo. Kikwazo ni zile 500. Orodha hutakiwa kwa karatasi za A4 pamoja na nakala ya kielektroniki, na majina huanguka kwa sababu zinazojulikana: namba ya kitambulisho imekosewa tarakimu moja, mtu anaishi wadi hii ila alijisajili ile ya ng'ambo ya barabara, jina moja limeingia mara mbili kwa kuwa wakusanyaji wawili walipita nyumba moja, au mtu amewaunga mkono wagombea huru wawili kwa moyo mmoja. Ndiyo maana sisi huwaambia watu wetu wakusanye 700, wasisimame kwenye 500, na kila jina lihakikiwe kwenye daftari la wapiga kura kabla ya kuchapwa.

Lakini mgombea hana daftari lenu. Anahakiki jina moja moja kwa simu, usiku kucha. Wekeni meza ya uhakiki wa awali katika kila ofisi ya eneo bunge, siku 14 kabla ya uteuzi, ambapo orodha itapitishwa kwenye mfumo na mgombea apewe kwa maandishi majina yaliyoanguka na sababu yake. Akirudi na majina ya kujazia, yapokelewe. Kumwambia mtu siku ya uteuzi kwamba ana 487 halali, saa kumi jioni, ni kumfukuza kwa hesabu aliyoweza kuirekebisha kwa nusu siku. Nembo yake pia huwasilishwa siku 21 kabla ya uteuzi. Itangazeni tarehe hiyo mapema na kwa sauti. Mgombea huru anayesikia habari ya nembo kwa mara ya kwanza wiki ya uteuzi amekwisha, na hakuna aliyemshinda.

Sasa Fomu 36A, ile ya matokeo ya kiti cha wadi katika kila kituo, ambayo kwayo tungekubali kupoteza mengine yote.

Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229 vya kupigia kura na wapiga kura 22,120,458 waliosajiliwa. Ukigawanya kwa wadi, unapata takriban vituo 32 na wapiga kura zaidi ya 15,000 kwa wadi moja. Mpinzani asiye na chama kikubwa nyuma yake anahitaji wakala mmoja kila kituo na wa kumpokea zamu, yaani watu 64. Akiwapa shilingi 2,000 kila mmoja, na hapo chai na nauli zimo, ni 128,000. Wengi hawana. Wanaweka mawakala kwenye vituo kumi au kumi na tano, vile wanavyodhani ni vya mwenzao, na kwingine kote wanamwachia Mungu.

Hata wakala akiwepo, angalia anavyopotea. Barua yake imeandikwa namba isiyo sahihi ya mkondo, yaani kituo kimoja kati ya vilivyogawanywa mahali pamoja, kwa kuwa sheria inaweka kikomo cha wapiga kura 700 kwa kituo, na shule moja inaweza kuwa na mikondo minne ambayo orodha yake ilitoka siku za mwisho. Afisa anamrudisha mlangoni, na ana haki. Au hakula kiapo cha kutunza siri. Akishaingia, kura hufungwa saa kumi na moja jioni na za urais huhesabiwa kwanza. Zamu ya wadi ikifika ni usiku mkubwa, mawakala wa vyama vikubwa wamepata walichokuja kukifuata na wanasinzia au wameondoka. Hapo ndipo husemwa: tieni sahihi kabisa fomu zote tuokoe muda. Fomu tupu. Tunawafundisha watu wetu wasitie sahihi fomu ambayo haijajazwa, na kwamba wana haki ya kudai kuhesabiwa upya, si zaidi ya mara mbili, pale pale kituoni kabla boksi halijafungwa. Asiyekubali kutia sahihi aandike sababu kwenye nafasi iliyowekwa. Kutotia sahihi peke yake hakubatilishi matokeo. Sababu iliyoandikwa ndiyo itakayosomwa baadaye.

Makosa mengi tunayoyaona kwenye 36A si wizi. Ni uchovu. Kura 41 inaandikwa 14 wakati wa kunakili kutoka fomu ya kituo kwenda 36B ya wadi nzima. Wanaojumlisha wanajua: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila baki, kama hii ya 27, tafuta tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi kabla ya kumshuku mtu. Jumla ya kura za wagombea isipolingana na kura halali zilizoandikwa, kuna jina lililorukwa mstari. Na kura zote zilizowekwa kwa kiti cha wadi zikizidi idadi ya waliotambuliwa na kifaa cha KIEMS katika kituo hicho, hapo si uchovu tena. Kiti cha wadi huweza kuamuliwa kwa kura chache kuliko darasa moja la shule. Tarakimu mbili kubadilishana katika kituo kimoja zinatosha.

Nakala ya fomu hubandikwa mlangoni mwa kituo, na mawakala wana haki ya nakala yao. Lakini ile ya mlangoni asubuhi huwa imeloa au imebanduliwa. Mwaka 2022 mliweka Fomu 34A za urais hadharani mtandaoni, na kila mwenye simu akawa mjumlishaji. Ilisaidia, hata waliobishana walibishana juu ya karatasi zile zile. Kwa nini kiti cha wadi kinyimwe?

Mtasema mtandao hautoshi usiku ule. Hatuombi usiku ule. Eneo bunge moja lina wastani wa wadi tano, kwa hiyo kama fomu 160 za 36A, na zote huishia katika chumba kimoja cha kujumlishia kura mikononi mwa msimamizi mmoja. Skana ya kawaida ya ofisi humaliza kurasa 160 katika muda usiozidi saa moja au mbili. Ziwekwe kwenye tovuti ndani ya siku tatu baada ya mshindi kutangazwa, zikiwa zimepangwa kwa wadi na kwa namba ya kituo, pamoja na 36B yake. Skani ya rangi, ukurasa mzima, mihuri na sahihi zionekane. Vitambulisho vya mawakala vizibwe.

Siku tatu tunazitaja kwa sababu saa ya kesi imeshaanza kukimbia. Kesi ya kupinga matokeo huwasilishwa ndani ya siku 28 baada ya kutangazwa. Ya wadi husikizwa na hakimu, mlalamishi huweka dhamana ya shilingi 100,000 ndani ya siku kumi baada ya kuwasilisha, uamuzi hutolewa ndani ya miezi sita, na rufaa kwa Mahakama Kuu ni kwa masuala ya sheria pekee. Mahakama haifungui masanduku kwa mtu anayesema tu "niliibiwa". Inataka vituo vitajwe na kasoro ielezwe. Asiye na fomu huenda kortini na hasira, hupoteza laki moja na hulipa gharama za mwenzake juu yake. Akiwa na fomu zote 32 mezani, wiki ya kwanza atajua kama ana kesi, na mara nyingi atajua hana. Mwakilishi aliyeshinda kwa haki naye ataacha kuitwa mwizi kwenye kila msiba kwa miaka mitano.

Tarehe 27 Novemba 2025 mliendesha chaguzi ndogo, na zilihusisha wadi kadhaa. Ikitokea nyingine kabla ya Agosti 2027, chukueni wadi moja tu, wekeni 36A zake zote na 36B kwenye tovuti ndani ya siku tatu, kisha mtueleze ni kitu gani kimeshindikana.

Ni sisi,
waandaaji wa mawakala wa wagombea wa wadi